Mstari Mwekundu katika Daftari Letu



Katika daftari la wanachama wa shirika letu, kwenye ukurasa wa mwaka 2001, kuna jina moja lililokatwa kwa biro nyekundu. Majina mengine yaliyokatwa yana maneno pembeni: amefariki, amehamia Bunia, ameolewa katika parokia nyingine. Jina hili halina neno. Sisi tuliolishika daftari wakati ule tuliijua sababu, na tuliona vema isiandikwe. Mwaka huu tumelazimika kuirudia, na kilichotulazimisha ni kipimo cha damu. Tunayasimulia haya kwa ruhusa ya wenyewe, na majina yao tumeyaacha.

Siku ya Wagonjwa Duniani, ambayo Papa Yohane Paulo wa Pili aliianzisha mwaka 1992, huadhimishwa tarehe 11 Februari, siku ya ukumbusho wa Bikira Maria wa Lurdi. Kwa miaka mingi tuliiadhimisha kwa Misa, mpako wa wagonjwa na zawadi za sabuni na sukari. Safari hii tulikuwa tumewazika wanachama wawili ndani ya miezi michache, wote wawili kwa kile watu wa Kisangani hukiita kifo cha ghafla, na mmoja wetu akauliza mkutanoni kama hatuwezi siku moja kuwatembelea wagonjwa kabla hawajaugua. Tukamwalika daktari na wauguzi wawili katika ukumbi wa parokia, hapa Mangobo. Walipendekeza kumpima kila mtu uzito, shinikizo la damu na sukari. Kipimo cha kolesteroli na mafuta mengine ya damu, kwa kuwa ni cha gharama, hakikuwezekana kwa wote. Daktari aliichukua orodha yetu akatuuliza maswali mawili tu: nani amepita miaka 40, na nani ana baba, mama au ndugu wa tumbo moja aliyekufa ghafla akiwa bado kijana, yaani mwanamume kabla ya miaka 55 na mwanamke kabla ya 65.

Kwa swali hilo la pili aliingia katekista wetu. Ana miaka 34, ni mwembamba, hanywi pombe, na hutembea kwa miguu kutoka Mangobo hadi Makiso na kurudi. Baba yake alikufa akiwa na miaka 41.

Tuliagizwa tufunge kula kuanzia jioni ya kuamkia siku ile, saa kumi na mbili nzima, ila maji yaliruhusiwa. Mama mmoja aliyepita miaka 80 alifika bila kugusa hata tone la maji. Muuguzi alipomwambia kwamba maji hayaharibu kipimo, alijibu kwamba maneno hayo aliwahi kuyasikia. Kweli, komunyo yake ya kwanza aliipokea zamani za mfungo wa tangu usiku wa manane, kabla Papa Pius wa Kumi na Mbili hajatangaza mwaka 1953 kwamba maji hayavunji mfungo wa Ekaristi. Baadaye, mwaka 1957, mfungo ulipunguzwa kuwa saa tatu, na mwaka 1964 ukawa saa moja. Daktari alicheka, akasema maabara nazo zinaifuata njia hiyohiyo: tangu mwaka 2016 vyama vya wataalamu wa Ulaya vimekubali kwamba mara nyingi mtu anaweza kupimwa mafuta ya damu hata akiwa amekula, isipokuwa pale trigliseridi zinapokuwa juu sana. Yeye alitufungisha kwa tahadhari tu.

Damu ilichukuliwa, ikapelekwa maabara. Umeme ulikatika, jambo ambalo halikumshangaza mtu, na majibu yakachelewa siku tatu. Siku hizo tatu zilijaa utani. Walio wanene waliambiwa waanze kuandika wosia. Kolesteroli, kwa fikira zetu, ulikuwa ugonjwa wa wenye nyama mezani na gari mlangoni, na aliyekuwa nao alipaswa kuona aibu kidogo na fahari kidogo. Wengine waliapa kuyaacha mawese. Hapo tuliona huruma, maana sombe bila mawese hapa kwetu ni sawa na kitubio kisicho na mwisho. Mkoa wetu umelelewa na mchikichi: kule Lokutu mashamba ya Lever yalianza zamani za Wabelgiji, na kituo cha utafiti cha Yangambi, kilichoanza mwaka 1933, ndiko ilikofahamika jinsi ya kuzalisha aina ya mchikichi ambayo leo hupandwa duniani kote. Ni kweli pia kwamba karibu nusu ya mafuta ya mawese ni ya aina ile inayopandisha kolesteroli. Daktari alishauri kijiko kipungue, hakusema chungu kivunjwe.

Majibu yalipokuja, utani uliisha. Mama yetu mnene kuliko wote alikuwa na kolesteroli nzuri kabisa, lakini shinikizo lake la damu lilikuwa juu kiasi kwamba hakuruhusiwa kuondoka bila dawa. Alikuwa ameishi hivyo bila kuumwa kichwa hata siku moja. Tunalitaja hili kwa sababu parokia nyingine wametuuliza waanzie wapi: waanzie kwenye mashine ya shinikizo, ambayo ni rahisi na haihitaji umeme wala mfungo. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika majedwali yake ya mwaka 2019 ya kukadiria hatari ya moyo na kiharusi, limetoa jedwali la kutumiwa pasipo maabara, linalotazama umri, jinsia, tumbaku, shinikizo na uzito.

Lakini jedwali hilo lisingempata katekista wetu. Karatasi yake ilionyesha kolesteroli ya jumla 340, ile nzuri 52, trigliseridi 130, na ile mbaya, yaani LDL, 262, zote kwa miligramu katika desilita. Mhasibu wetu alikataa kuamini. Aliposikia kwamba LDL mara nyingi haipimwi yenyewe bali hukokotolewa, kwa njia aliyoieleza Friedewald mwaka 1972, alichukua penseli akaifanya hesabu upya: toa ile nzuri, toa sehemu ya tano ya trigliseridi. Ilibaki 262. LDL ikifika 190 au kuzidi, kwa mtu mzima, daktari huanza kufikiria jambo lililorithiwa.

Kipimo kilirudiwa. Tezi ya shingo na figo zikachunguzwa, kwa kuwa nazo zikiugua zinaweza kuyapandisha mafuta ya damu. Zilikuwa salama. Kisha daktari akamwomba katekista avue viatu. Akapapasa kano nene iliyo nyuma ya kifundo cha mguu, juu ya kisigino, akaitia mikono yetu wawili tuliomsindikiza ili nasi tuiguse. Ilikuwa nene na yenye vinundu vigumu, kama kamba yenye mafundo. Hiyo, alisema, ni kolesteroli iliyotuama kwa miaka mingi.

Alitueleza kwa utaratibu. Kolesteroli si sumu. Mwili huijengea kuta za chembe zake zote, na sehemu kubwa huitengeneza wenyewe, hata kwa mtu asiyekula nyama. Kazi ya kuiondoa ile iliyozidi katika damu hufanywa hasa na ini, lenye vipokezi vinavyoinasa LDL kama milango inavyopokea wageni. Waliogundua milango hiyo, Wamarekani Brown na Goldstein, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1985. Wapo watu wanaozaliwa na nusu ya milango hiyo tu inayofanya kazi, kwa sababu wamerithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba au mama. Ni kiasi cha mtu mmoja katika kila 300 duniani. Damu yao hubeba mzigo huo tangu tumboni. Wasipotibiwa, karibu nusu ya wanaume wa namna hiyo hupata ugonjwa wa mishipa ya moyo kabla ya kutimiza miaka 50, na wengine dalili yao ya kwanza ndiyo ya mwisho. Na kila mtoto wao ana nafasi moja kati ya mbili ya kurithi.

Kisha akamwuliza: baba yako alikuwa na visigino vya namna gani?

Katekista alikuwa na miaka 11 baba alipokufa, hakukumbuka. Aliyekumbuka ni mama yake. Alipoulizwa jioni ile, alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba mumewe hakupenda kuvaa viatu vilivyofungwa, na kwamba kano zake zilikuwa nene hata wenzake wakamtania kuwa ameota mnyororo wa baiskeli miguuni. Maana alikuwa mwendesha toleka. Vijana wa leo waliozoea pikipiki huenda hawajui kwamba mji huu ulibebwa miaka mingi juu ya kiti cha nyuma cha baiskeli. Miguu ile ilipovimba, kila mtu aliona ni kazi ya pedali.

Sasa inatupasa kusema alivyokufa, na tulivyofanya.

Mwezi Juni 2000, kuanzia tarehe 5 hadi 10, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani. Mamia ya raia waliuawa, maelfu ya makombora yakaanguka juu ya nyumba. Mwendesha toleka yule aliwavusha watu chini ya makombora, akarudi bila mchubuko. Mwaka uliofuata, asubuhi tulivu, alikandamiza kifua kwa mkono, akashuka kwenye baiskeli, akaanguka. Watu hawakukubali. Aliyeponyoka Vita vya Siku Sita anaangukaje siku ya amani, mwembamba, mwenye nguvu, asiye na homa? Lazima pana mkono wa mtu. Katika matanga alifika mtu aliyejiita nabii, akataja dada ya marehemu. Palikuwa na ugomvi wa kiwanja kati ya ndugu hao wawili, na usiku wa kuamkia kifo marehemu alikuwa amekula sombe kwa dada yake. Hapakuhitajika zaidi. Alifukuzwa kwenye matanga kabla ya maziko, akavuka mto kwenda Lubunga na mzigo mmoja.

Huyo dada alikuwa mwanachama wetu. Hatukumpiga, na kwa muda mrefu tulijifariji kwa hilo. Tulichofanya ni kidogo na cha kimya. Jumapili mbili alivuka kuja Misa, na kwenye benchi lake hakuketi mtu. Kisha kamati ikaketi, ikakubaliana kulikata jina lake ili amani iwepo. Wawili wa kamati ile bado wamo katika kamati ya leo. Tuliisoma Injili ya Luka mara nyingi katika miaka hiyo, ile habari ya mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18, ambapo Bwana anawauliza wasikilizaji kama wanadhani waliokufa walikuwa wakosefu kuliko wengine. Tuliihubiri kuhusu makombora. Kuhusu shangazi wa katekista hatukuihubiri.

Daktari alitutahadharisha tusiruke kutoka uhakika mmoja kwenda mwingine. Damu ya mfu haipimwi. Karatasi ya binti haiwezi kuapa kwamba baba alikufa kwa moyo, inaweza tu kusema kwamba pana sababu nzito ya kufikiri hivyo. Basi tukafuata ushauri wake wa kupima ndugu mmoja baada ya mwingine, kwa sababu katika ugonjwa huu ukimpata mmoja umeshaonyeshwa njia ya kuwapata wengine kwa gharama ndogo. Mdogo wake wa kiume, mwenye miaka 30, alikutwa na LDL 231. Dada yao ni salama. Mama yao ni salama pia. Hivyo urithi ulitoka upande wa baba. Mama alipoisikia habari hiyo hakusema lolote juu ya kolesteroli. Alisema: "Na wifi yangu bado yu hai ng'ambo."

Tulivuka mto kwa mtumbwi wa injini, watu wanne: wale wawili wa kamati ya zamani, katekista na mama yake. Tulibeba chumvi, sukari na kitenge. Tuliposhuka Lubunga mmoja wetu alikiri kwamba anatamani tusimkute. Tulimkuta chini ya mwembe, akimenya ndizi za lituma. Alitupa viti. Hakuuliza habari za nyumbani, nasi tulielewa.

Mama wa katekista alipiga magoti kwanza. Sisi tulieleza mambo ya damu, vibaya, tukichanganya ini na moyo, mpaka katekista akatunyamazisha kwa adabu na kueleza mwenyewe. Shangazi alisikiliza hadi mwisho. Alimwomba binti anyooshe mguu, akakishika kisigino kwa vidole vyake vyenye utomvu wa ndizi, akakaa nacho muda mrefu. "Ndicho," akasema. "Hiki ni cha kaka yangu."

Kisha akatugeukia sisi wawili. "Miaka ishirini na minne mlijua kwa nabii. Leo mnajua kwa sindano. Na sindano ingenyamaza?"

Hatukuwa na jibu, na mpaka tunapoandika hatujalipata. Tulimwomba msamaha bila sababu nyingine, tukaikunja karatasi tuliyokwenda nayo. Hakusema ametusamehe. Alisema ndizi zimeiva, tule. Tulikula.

Aliomba mambo mawili. La kwanza, Misa kwa ajili ya kaka yake, ambayo na yeye aihudhurie, kwa sababu maziko alinyimwa. Misa hiyo imesomwa, na aliketi benchi la mbele kati ya wifi yake na katekista. Mahubirini Paroko wetu alisoma habari ya Siloamu, nasi tuliinamisha vichwa. La pili, apimwe damu na yeye. Tulidhani anaogopa ugonjwa, tukamwambia kwamba kwa umri aliofikia huenda hana. Akasisitiza.

Dawa ya katekista na mdogo wake ni statini. Asili ya dawa za aina hiyo ni kuvu aliyochunguza Mjapani Akira Endo miaka ya 1970, na simvastatini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2007. Humezwa kila siku, maisha yote. Hapo ndipo uzito ulipo, maana kumpima mtu ni sadaka ya Jumapili moja, bali kumtibu ni sadaka ya kila mwezi, na tungeona haya kumtangazia mtu hatari kisha tumwache nayo njiani. Tumeweka kisanduku kidogo karibu na meza ya katekesi. Miezi miwili kimetosha, mmoja hakikutosha, mhasibu akajazia kutoka mfukoni mwake, na hapendi tulitaje. Katekista ameonywa asiendelee na vidonge akipata mimba kabla ya kumwona daktari. Kipimo chake cha mwisho kilionyesha LDL 139. Daktari anataka ishuke zaidi.

Mmoja wa vijana wetu aliuliza kama hii ni laana ya ukoo. Daktari alimjibu kwa habari tuliyoipenda. Miaka ya 2005 na 2006, watafiti wa Texas waligundua kwamba Wamarekani wenye asili ya Afrika, kama mmoja kati ya 40, wamerithi jeni iliyolemaa, inayoitwa PCSK9, na kulemaa huko kunawashushia LDL kwa asilimia 28. Katika miaka 15 ya kufuatiliwa, ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa pungufu kwao kwa asilimia 88. Kutokana na watu hao na wengine zimepatikana dawa mpya, ambazo bei yake bado haijavuka mto kutufikia.

Shangazi alifika Jumamosi ya kipimo kwa mtumbwi wa kwanza, akiwa amefunga hata maji. LDL yake ni 118. Muuguzi alimsomea, akamkabidhi karatasi. Yeye hasomi. Aliigeuza upande huu na huu, akauliza: "Imeandika kwamba mimi si mchawi?" Muuguzi, kijana ambaye mwaka 2001 alikuwa hajazaliwa, alibabaika. Tulimjibu sisi kwamba haikuandika hivyo, imeandika mafuta ya damu tu. Akaturudishia. "Basi kaeni nayo ninyi," alisema, "iwekeni kwenye daftari lenu."

Imo humo sasa, kwenye ukurasa wa mwaka 2001. Mstari mwekundu hatukuufuta, kwa kuwa tuliuchora sisi. Pembeni yake, mahali palipokuwa patupu, tumeandika sababu na majina yetu. Jina lake tumeliandika upya ukurasa wa mwaka 2025 baada ya yeye kukubali, na alikubali mwezi wa tatu wa kuombwa.

Mtoto wa kwanza wa katekista, mwenye miaka 9, amepimwa, ni salama. Wa pili ana miaka 6, na atapimwa shule zikifungwa. Hapendi sindano. Shangazi amesema atamshika mkono yeye mwenyewe.